Mikanda Miwili na Jicho Moja

Gari la Karani lilianza kulia hatua chache kabla ya lango la hospitali, mahali ambapo kila gari hupunguza mwendo na kila aliyekaa kwenye benchi la kusubiri hana kazi nyingine ila kutazama. Lililia kama kuku aliyeshikwa miguu. Karani akakanyaga mafuta kidogo, maana aliwahi kusikia kwamba ukiongeza mwendo kelele hupungua. Ikazidi.

Mlinzi akatoka kibandani, akainama dirishani.

"Mzee, mgonjwa ni nani? Ni mama, au ni gari?"

"Fungua lango," Karani alisema.

"Nauliza kwa sababu ya fomu. Magari hatulazi hapa."

Benchi zima likacheka. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye bendeji kichwani. Naye alicheka huku amekishika kichwa kwa mikono miwili kisije kikapasuka. Bibi, mama yake Karani, alikuwa kiti cha nyuma amekumbatia mkoba wake. Macho yake yalikuwa na ukungu, watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na alilisikia kila jino lililocheka.

Ilikuwa Alhamisi, na walikuwa wamekuja kwa vipimo vya mwisho. Upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi. Bibi aliisubiri zamu hiyo kwa miezi saba, na nesi aliyeandika jina lake hakupamba maneno.

"Asipokuja Jumatatu anarudi mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni ni mwakani. Na jicho hili, mama, halitangoja mwakani."

"Nimesikia," Bibi alisema.

Gari lililia njia nzima ya kurudi. Walipofika nyumbani alishuka, akaupapasa ukuta mpaka mlangoni, akageuka.

"Mimi gari hili silipandi tena. Jumatatu mkilitaka jicho langu, lipelekeni lenyewe."

*

"Tukodi gari," alisema Mama Pacha jioni ile, akimimina chai. Huyu ndiye mke wa Karani. Pacha wake walikuwa shule ya bweni, na yeye alikuwa dobi: chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa mashuka na mashati ya watu.

"Nina gari, nikodi gari?" Karani akauliza. "Ofisi nzima inajua nitampeleka mama yangu kwa gari langu. Nimeomba na ruhusa."

"Ofisi nzima inalisikia gari lako. Haina haja ya kuambiwa."

"Magari ya kukodi yananitapisha," Bibi alisema.

"Basi nitamwomba yule mteja wangu wa hoteli. Gari lake jipya, halina hata harufu."

"Huyo anaendesha kama anayefukuzwa."

"Nimwombe aende polepole?"

"Mtu wa mbio akienda polepole ndiyo anagonga."

Mama Pacha akamtazama mama mkwe wake. Kila mlango alioufungua, Bibi alikuwa ameshautia komeo. Lakini nguo za watu zilikuwa zinamsubiri, kwa hiyo hakulifikiria zaidi jambo hilo, na baadaye alijilaumu.

"Ni mikanda tu," Karani alisema. "Mikanda imelegea. Nitaikaza mwenyewe, hapa hapa nyumbani."

"Mafundi wapo."

"Nani? Fundi Kesho? Gari la jirani wa kona lilikaa kwake mpaka kuku wakatotoa ndani."

Mama Pacha akakusanya vikombe.

*

Karani alikuwa mtunza mafaili katika ofisi ya maji, na hakuna jambo alilojua kulianza bila faili. Kabla ya kufungua boneti alifungua faili. Juu yake akaandika GARI: KELELE. Ndani akaichora mikanda miwili na puli zake, yale magurudumu inamopita, akaweka tarehe, akatia sahihi.

"Sahihi ya nini?" mkewe aliuliza. "Nani atakuja kukagua?"

"Kumbukumbu ni kumbukumbu."

Boneti yenyewe haikuhitaji ufundi. Kitasa chake kilikatika zamani na sasa ilifungwa kwa waya. Karani alipoufungua tu, jirani yao, dereva wa malori aliyestaafu, akakiweka kidevu chake juu ya ukuta.

"Paka sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kufulia. Kipande kikavu, sugua upande wa ndani wa mkanda. Mimi nimevuka nchi kwa nchi kwa sabuni."

"Ndiyo maana lori lako lilikwenda kujisuuza mtoni," Mama Pacha alisema.

"Yale yalikuwa mambo ya breki, shemeji."

Karani hakupaka sabuni. Alilaza boksi chini, akalala juu yake, akailegeza nati ya oltaneta, ile inayochaji betri, akaingiza mtaimbo na kuivuta mpaka mikanda ikakaza. Spana iliteleza mara moja ikamchubua vifundo vya vidole, akatukana kwa sauti ndogo kwa kuwa mama yake alikuwa karibu. Giza lilipoanza kuingia aliwasha gari. Kimya. Akawaita wote nje.

"Mnasikia?"

"Hatusikii kitu," Mama Pacha alisema.

"Ndicho hicho!"

"Hongera, mwanangu," alisema Bibi, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kodi ya nyumba imepanda.

Mgongo wa Karani ulikuwa umekakamaa kama ubao. Bibi akamlaza kifudifudi, akamchua kwa mafuta yake mwenyewe ya magoti, yale ya kafuri na mkaratusi ambayo yakifunguliwa chumbani hata asiye na msiba hutoa machozi. Karani alilala ananuka kama chumba cha sindano, na mwenye furaha.

Ijumaa asubuhi gari lililia zaidi kuliko Alhamisi. Lililia uani, likalia barabarani, likalia mpaka ofisini. Mkuu wa ofisi akatoa kichwa dirishani.

"Karani, ndiyo umefika? Sisi tumekusikia tangu unafunga viatu."

Siku ile kila alipopita na faili mkononi, mtu mmoja nyuma yake alilia kama mkanda. Hakugeuka. Aliporudi nyumbani aliibonyeza mikanda kwa kidole: imekaza vile vile alivyoiacha. Akafungua faili, akaandika: *Mikanda imechoka. Inunuliwe mipya.* Akatia sahihi.

*

Jumamosi alikwenda duka la vipuri. Alikwenda kwa miguu, na faili.

"Mikanda ya zamani iko wapi?" muuza duka aliuliza.

"Iko kwenye gari."

"Na gari liko wapi?"

"Nyumbani. Lakini nina mchoro."

Muuza duka akaupokea mchoro, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Hii ni nini, mzee, minyoo?"

"Ni mikanda."

"Hapa tunauza mikanda, hatutibu minyoo. Niletee ile ya zamani, nisome namba mgongoni."

Karani akarudi nyumbani, akaifungua mikanda, akarudi dukani kaivaa shingoni kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta ya gari na faili halikutakiwa kuchafuka. Watu walimpisha njiani. Saa tisa alasiri mikanda mipya ilikuwa mahali pake, gari linanguruma kwa adabu, na Bibi anamchua tena mgongo.

"Safari hii limepona, mama," alisema akiwa kifudifudi. "Jumatatu utakaa mbele, kama mkuu wa wilaya."

"Tulia, mafuta yasikuingie jichoni," Bibi alisema.

Jumapili alfajiri Karani alitoka na kikombe cha chai akaliwashe tu, ausikie ule ukimya mara moja zaidi. Lililia mpaka ndege wakahama paa. Mikanda mipya! Jirani akatokeza kidevu, amevaa fulana ya kulalia.

"Sasa hiyo ni beringi ya oltaneta. Ningekuwa wewe ningeng'oa yote."

Karani akalizima. Akakaa juu ya tairi la akiba. Mama Pacha alimkuta hapo, faili liko magotini na hakuna alichokiandika.

"Mama atapofuka," Karani alisema. "Atapofuka kwa sababu ya mikanda. Miezi saba tumengoja, halafu nashindwa na kitu ambacho hata mtoto anakijua."

"Mwite fundi."

"Leo Jumapili."

"Mfuate kwake. Umkute kitandani, umwambie ni kesho."

Akaenda, hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

*

Mama Pacha hakuwa amegusa gari siku zote hizo. Si kwamba alishindwa; alijua boneti moja haifuniki mke na mume. Sasa alikuwa peke yake. Akaukunjua waya, akainamisha kichwa ndani.

Mkanda mpya uliotembea nusu saa haung'ai. Huu uling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mama Pacha alikuwa ameishi miaka kumi na mitano katika uchafu wa watu, akijua kwa kidole doa la mafuta ya taa na doa la mchuzi. Akapitisha kidole upande wa ndani wa mkanda, akakinusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili. Na papo hapo akaelewa kwa nini mumewe hakugundua: tangu Alhamisi Karani mwenyewe alikuwa ananuka hivyo hivyo, kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

Alimkuta Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Mama, mafuta yako ya kuchua yamebaki kiasi gani?"

"Yapo."

"Chupa niliinunua juzi. Hii hapa imebaki robo."

"Magoti yangu ni mawili."

"Na mikanda ya gari ni miwili."

Bibi akayapapasa magoti yake. Nje jirani alikuwa anasukutua kinywa.

"Kwani inanuka?" Bibi aliuliza mwishowe.

"Mama, ile injini inanuka kama wewe."

"Mimi siku hizi siisikii harufu yake."

"Sisi tunaisikia tukiwa barabarani. Na uliwezaje? Kikombe cha chai hukioni, mikanda umeionaje?"

Hapo Bibi alikaribia kukasirika. "Miaka ishirini na miwili nilisimama kwenye mashine ya kusaga na marehemu baba yenu. Mkanda wetu ulikuwa mrefu kuliko nyumba hii. Likidondoka tone la mafuta juu yake, unalia mpaka mtaa wa pili, na wateja wanakimbia. Mkanda nauona kwa kidole, mwanangu. Tena boneti yenyewe imefungwa kwa waya kama banda la kuku. Nikitoka kunawa uso alfajiri, napita tu."

"Unapita tu."

"Napita, napaka, nanawa."

Mama Pacha akakaa kitandani kando yake. Alitaka kucheka, akakumbuka lile tairi la akiba.

"Mwanao amelala chini ya gari siku nne. Asubuhi hii ameniambia utapofuka kwa sababu yake."

"Amesema hivyo?"

"Hakuandika hata kwenye faili."

Bibi akaushika upindo wa mtandio wake, akausokota kidoleni, akausokotoa.

"Wamesema nitakuwa macho," alisema.

"Baada ya upasuaji. Ndiyo faida yake."

"Wakati wa upasuaji! Yule nesi kaniambia hawalazi mtu usingizi. Wanatia dawa lisiume, basi. Halafu mtu ananijia na kisu jichoni, na mimi namtazama, na yeye ananiambia mama usitikisike. Hata kuku hufunikwa kichwa, mwanangu."

Mama Pacha hakumwambia asiogope. Hakuwa mtu wa kusema maneno ambayo yeye mwenyewe yasingemsaidia.

"Ni kweli utakuwa macho," alisema. "Ningekuwa mimi ningeogopa pia. Lakini kuna mwalimu mmoja namfulia mashuka, alifanyiwa mwaka jana. Anasema kisu hakukiona. Aliona mwanga tu, kama mtu anayetazama taa kupitia shuka lililolowa."

"Labda anasema uongo."

"Labda. Lakini aliniambia huku anasoma gazeti."

Bibi akalitafakari gazeti hilo.

"Na kikohozi kikinijia?"

"Utawaambia mapema."

"Na chafya?"

"Mama."

"Utaingia na mimi?"

"Hawataniruhusu. Nitakaa mlangoni. Ukipiga kelele nitasikia."

"Na nisipopiga?"

"Nitakaa hapo hapo."

Bibi akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo asiotaka kuutua. "Basi mumeo asijue."

"Mimi sitamwambia. Lakini ulichokichafua utakisafisha. Inuka, mama. Nikupe kitambaa."

*

Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu. Mama Pacha alilegeza nati, akaitoa mikanda, akaitia katika beseni la maji ya vuguvugu na sabuni ya unga ile kali anayofulia ovaroli za mafundi. Akaisugua kwa brashi upande wa ndani, akaisuuza, akaisugua tena, mpaka kidole kikipita juu yake kinakwaruza. Bibi aliachiwa puli. Alizifuta moja moja kwa kitambaa chenye spiriti, anapitisha ukucha ndani ya mfereji na kunusa, na kila alipodhani amemaliza mkwewe alimwambia bado.

"Unaniadhibu," Bibi alisema.

"Nakufundisha udobi."

Wakati wa kuirudisha mikanda, Mama Pacha alilifungua faili juu ya betri. Minyoo ya Karani ilikuwa sahihi kabisa. Kila puli mahali pake, kila mkanda na njia yake. Akaona huruma, akalifunga asilichafue.

Kisha akavuta mtaimbo, na Bibi akaweka kidole gumba katikati ya mkanda.

"Bado. Umelegea kama shavu."

Akavuta.

"Umezidisha! Sasa mgumu kama paji la uso. Ukiukaza hivyo unakula beringi."

"Uweje basi?"

"Kama ncha ya pua. Bonyeza pua yako. Ee. Rudisha kidogo. Kidogo, nimesema, si kama unakamua shuka. Hapo! Kaza nati."

Walipoliwasha, gari lilinguruma bila hata mkwaruzo. Mama Pacha akalinyunyizia maji mikandani kwa kikombe, kwa ukorofi tu. Kimya. Bibi akaweka kiganja juu ya bati la gari akalisikiliza, kama anayepima homa.

"Sawa," alisema. Hakuonekana mwenye furaha, lakini alisema sawa.

*

Karani alirudi saa kumi na Fundi Kesho, mtu mrefu mwenye mfuko wa spana na uso wa kuonewa.

"Nimemwambia kesho," Fundi alimweleza Mama Pacha kabla hata ya salamu. "Ananiambia kesho ndiyo tatizo."

Akaingia ndani ya gari, akaliwasha. Akakaa. Akakanyaga mafuta, akaachia. Akashuka, akamtazama Karani kutoka juu mpaka chini.

"Umenitoa nyumbani siku ya mapumziko nije kusikiliza kimya?"

"Asubuhi lilikuwa linalia!" Karani alisema. "Muulize jirani!"

"Lililia," kidevu cha jirani kilithibitisha. "Beringi."

Fundi akafungua boneti, akamulika tochi, akabonyeza mkanda. Akabonyeza tena, taratibu. Uso wake ukabadilika.

"Nani ameukaza mkanda huu?"

Karani akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaanika mashati.

"Kwa nini?" Karani aliuliza.

"Hivi ndivyo walivyokaza wazee wa mashine. Vijana wangu pale gereji siku nzima hawawezi. Huyu aliyekaza anaijua kazi."

Kulikuwa na nafasi ndogo hapo ya kusema kweli. Karani aliiona, akaipita.

"Ni mimi," alisema. "Nilikaza jana. Nadhani ulihitaji muda wa kutulia."

Verandani, Bibi alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongo.

Fundi Kesho alidai malipo ya kuja. Karani aliuliza malipo ya nini ikiwa hakutengeneza kitu. Fundi akasema kimya nacho kina bei, na kama hataki, yeye anaweza kulirudisha gari lilivyokuwa. Akalipwa.

*

Jumatatu, kabla ya saa kumi na mbili, Bibi alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini, amekaza taya. Alikuwa na neno moja la mwisho, la kusema gari litakapolia.

"Washa basi," alisema.

"Linawaka, mama. Linawaka tangu unafunga mtandio."

Bibi akafungua mdomo, akaufunga.

Langoni mlinzi aliwapungia mkono wapite, hakuwatambua. Mama Pacha alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akakataa kuhama hata alipoombwa na mfagiaji. Karani alitembea ukumbini, akasoma matangazo yote ukutani, pamoja na la chanjo ya watoto. Hakuna aliyepiga kelele. Nusu saa baadaye Bibi alitolewa ameshikwa mkono, kipande cha plastiki kimebandikwa juu ya jicho.

"Kisu?" Mama Pacha akamnong'oneza.

"Sikukiona. Mwalimu wako si mwongo." Kisha kwa sauti ya kawaida: "Daktari ndiye aliyekuwa anatetemeka. Nimemwambia tulia, mwanangu."

Jumanne walirudi kufunguliwa. Daktari akabandua plastiki, akamulika, akaridhika, akasema mengi ya dawa za matone, kisha akamwita Mama Pacha pembeni kumpa karatasi. Bibi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtazama Karani, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Mvi zote hizi ni zako?"

"Zangu, mama."

Alitoka nje bila kushikwa mkono. Katika maegesho akasimama mbele ya gari lao. Akalizunguka. Milango mitatu ilikuwa myeupe na mmoja wa kijani. Taa moja ilishikiliwa kwa karatasi ya gundi. Kutu ilikuwa imekula chini mpaka unaona lami.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Na mimi nilikuwa naona aibu ya kelele tu!"

Akapanda hata hivyo. Karani akaendesha polepole, kwa heshima ya jicho. Bibi aliona mabango, akayasoma kwa sauti. Aliona mbwa. Halafu akauona mkono wa mwanawe juu ya usukani, na vile vifundo vya vidole vyenye magamba meusi.

"Mkono umefanya nini?"

"Spana iliteleza. Alhamisi."

Bibi akautazama mpaka taa za barabarani, akautazama zilipowaka nyekundu.

"Mwanangu," alisema, "mikanda ile ni mimi. Nilikuwa naipaka mafuta yangu ya kuchua. Niliogopa kisu."

Taa zikawa kijani. Karani akaachia klachi vibaya, gari likaruka, likazimika. Nyuma yao honi zikaanza.

"Mama. Siku nne!"

"Siku nne."

"Nimenunua mikanda mipya! Nimemtoa fundi kitandani!" Akageuka nyuma kumtazama mkewe. "Na wewe ulijua?"

"Tangu Jumapili," Mama Pacha alisema. "Nani unadhani aliifua?"

"Imefuliwa? Kwa hiyo aliyekaza ile nati..."

Hakumaliza. Alikumbuka alichomwambia Fundi Kesho, na mbele ya nani. Masikio yake yakapata moto. Wale wanawake wawili hawakumkumbusha. Waligeuka kutazama nje, kila mmoja dirisha lake. Nyuma mtu wa lori alitoa kichwa akataja wazazi wao.

"Washa gari, mwanangu," Bibi alisema kwa upole. "Watu wanatusubiri."

Karani akaliwasha. Alipita taa, akapita soko, akaipita hata ofisi yake ya maji. Walipoukaribia mtaa wao akakohoa kidogo.

"Jicho moja limekwisha. La pili ni lini?"

Mama Pacha akaikunjua karatasi ya daktari. "Baada ya miezi mitatu."

Karani akamwangalia mama yake. Bibi alikuwa ametulia sana, ameshika mkoba kwa mikono miwili, anatazama mbele kwa jicho lake jipya kama asiyesikia.

"Tutakwenda kwa miguu," Karani alisema.